Maji ya Ndege: Kuongeza Si Kubadili



Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, vumbi na moto. Leo tutoke mgodini, tuingie katika lupango. Nataka kusema juu ya beseni la maji ya ndege.

Kila mtu anayepita katika kambi zetu ameliona. Mbele ya nyumba moja ni beseni la simenti lililowekwa juu ya nguzo ya matofali. Mbele ya nyingine ni sufuria iliyochakaa, au mfuniko wa pipa, au pine ya gari iliyokatwa na kulazwa chini ya mwembe. Watu wanatia maji, ndege wanakuja kunywa na kuoga. Katika nchi yetu ya Katanga hilo ni jambo la huruma. Tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa mvua hainyeshi, vijito vinakauka, majani ya porini yanachomwa moto, na ndege anaruka mbali kutafuta maji. Watoto nao wanafurahi kuwatazama, na mtu aliyetoka zamu ya usiku anapumzika moyo akiwaona wanaoga.

Sasa, katika mkutano mmoja wa usafi wa kambi, mtu alisimama akasema: «Mabeseni yote ya ndege yavunjwe! Yanaleta malaria.» Wengi walipiga mikono. Mimi sikupiga. Maoni yangu ni haya: beseni lisivunjwe, lisafishwe. Tena lisafishwe kweli, si kwa mdomo. Nitaeleza sababu, kwa maana nimeona mzee mmoja karibu kupoteza heshima yake kwa ajili ya beseni, na katika jambo hilohilo nimeona kosa langu mwenyewe.

Mzee na bundi

Mzee huyo sitamtaja jina. Alifanya kazi miaka mingi chini ya ardhi, na sasa anakaa kwa mwana wake kambini. Wajukuu na majirani wanamwita Kambo. Alipostaafu alijenga kwa mikono yake beseni la simenti, zuri, lenye ukingo wa mviringo. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, anachukua kopo la maji na kulijaza. Njiwa wanakuja, shomoro wanakuja, na wale ndege weusi wa kichwani wanaopenda mapapai.

Katika msimu wa mvua bundi alianza kuja pia. Anakuja jioni, anasimama ukingoni, anakunywa, anaondoka. Watu walimwona siku ya Jumamosi. Siku ya Jumapili mtoto wa jirani, mwenye miaka minne, alishikwa na homa kali. Usiku akapata degedege. Mama yake alimbeba mpaka kwetu dispanseri. Tulipima damu: malaria. Tulimpa dawa ya kwanza, tukampeleka hospitalini usikuusiku, na baada ya siku chache alirudi nyumbani mzima. Tunamshukuru Mungu, tunamsifu na mama kwa sababu hakungoja asubuhi.

Lakini pale kwenye robine, ambapo wanawake wanachota maji, maneno yalikuwa yamekwisha kuanza. Bundi Jumamosi, homa Jumapili. «Yule Kambo anawaita ndege wa usiku.» Wengine hawakusema neno «mulozi» kwa sauti, lakini waliacha kumsalimu. Watoto walikatazwa kupita mbele ya lupango yake. Nilipokwenda kumtembelea, nilimkuta amekaa ndani, mchana, dirisha limefungwa. Nyundo ilikuwa karibu na mlango. Aliniambia: «Munganga, kesho ninavunja beseni. Nimezeeka, sitaki kufa na jina baya.»

Ninyi nyote mnajua jina hilo linaweza kumfikisha mzee wapi. Wengine wanafukuzwa nyumbani mwao. Wengine wanapigwa. Kwa hiyo nilimwambia: «Kambo, ngoja kwanza. Tutazame maji.»

Tuliyoyaona ndani ya maji

Tulitoka na taa. Beseni lilikuwa limejaa, na kwa juu maji yalionekana safi. Lakini tulipomulika vizuri, tuliona viluwiluwi vya mbu vikicheza juu na chini, vingi. Mzee alishangaa sana. «Lakini mimi ninatia maji kila siku!» Ndiyo, alikuwa akitia kila siku. Lakini hakuwa akimwaga ya zamani. Alikuwa akiongeza tu.

Hapo ndipo somo lilipo, ndugu zangu. Kuongeza si kubadili. Ukiongeza kopo moja juu ya maji ya jana, unamlisha mbu. Kiluwiluwi hakiui na maji mapya. Kinapata nafasi zaidi ya kuogelea. Tangu yai mpaka mbu anayeruka, wakati wa joto zinapita siku 7 mpaka 10 tu. Mwezi wa sita na wa saba, usiku unapokuwa na baridi, wanakawia zaidi, lakini hawakomi wote. Basi mtu anayeongeza maji mwezi mzima bila kumwaga amekwisha kukuza vizazi vya mbu mbele ya mlango wake.

Je, majirani walikuwa na haki basi? Kidogo tu. Nilimwomba mzee tuende pamoja mpaka kwenye robine ya watu wote. Robine ile ilikuwa ikivuja tangu siku nyingi. Chini yake palikuwa na dimbwi la maji ya wazi, lenye jua mchana kutwa, na nyayo za watu na mbuzi zimejaa maji pembeni. Nilichota kwa kikombe cheupe. Humo pia kulikuwa na viluwiluwi, lakini si vya namna moja na vile vya beseni.

Kila mtu anaweza kuona tofauti hiyo kwa macho yake. Kiluwiluwi cha beseni la mzee kilining'inia kichwa chini, mkia juu, kwa maana kinavuta pumzi kwa mrija ulio mkiani. Hao ni mbu wa namna nyingine: wako wanaotusumbua usiku kwa makelele, na wako wale wenye madoa meupe miguuni wanaouma mchana. Kiluwiluwi cha dimbwi kililala sawasawa chini ya uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Huyo ndiye anofele, mbu wa malaria. Anapenda hasa maji ya chini yenye jua: madimbwi, mashimo ya kufyatulia matofali, alama za magurudumu barabarani, mifereji iliyoziba. Mara nyingine anaweza kutaga hata katika chombo, kwa hiyo sisemi beseni halina hatari. Nasema tu kwamba siku ile watu walikuwa wakimtazama bundi, na mbu wa malaria alikuwa akizaliwa miguuni mwao, pale walipokuwa wakisimama kusema.

Bundi hana homa

Tusimame kidogo juu ya hesabu ya siku, kwa maana wengi wanadanganyika hapo. Mtu akiumwa leo na mbu mwenye malaria, homa haiji kesho. Kwa kawaida inakuja baada ya siku 10 mpaka 15, mara chache siku 7. Tena mbu hazaliwi na malaria. Lazima kwanza amnyonye mtu mwenye vijidudu vya malaria katika damu, halafu vijidudu hivyo vikae na kukua ndani yake siku 10 au zaidi, ndipo aweze kumwambukiza mtu mwingine. Mtoto aliyeugua Jumapili aliumwa na mbu kabla bundi hajatua kwenye beseni siku ile ya Jumamosi.

Wengine wameniuliza: «Ndege wenyewe hawana malaria?» Wanayo, lakini ni ya kwao. Munganga Ronald Ross, Mwingereza aliyefanya kazi Uhindi, ndiye aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vijidudu vya malaria ya watu vinakua ndani ya mbu. Mwaka 1898 alifuata njia yote ya ugonjwa huo kwa kutumia ndege na mbu wao. Mwaka 1902 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Malaria ile ya ndege haimshiki mtu. Njiwa akinywa kwako hakuachii malaria. Na bundi anayekuja jioni anakula panya. Panya wanakula unga wenu na kuchafua chakula. Kama mngejua, mngemkaribisha.

Siku ya pili, jioni, nilikusanya watu mbele ya lupango ya mzee. Nilileta vikombe viwili vyeupe, kimoja cha maji ya beseni, kimoja cha maji ya dimbwi. Kila mtu alipita akatazama. Mama wa mtoto alikuwa wa kwanza. Alitazama sana kile cha dimbwi, halafu akasema: «Na mimi ninachota pale kila asubuhi, mtoto mgongoni.» Hakusema neno lingine. Aliingia ndani kumsalimu mzee.

Kosa langu

Niliporudi dispanseri usiku ule nilikuwa na kiburi kidogo. Nilijiona nimefundisha vizuri. Asubuhi nilipita karibu na beseni lililo mbele ya mlango wetu. Liko pale tangu zamani, mimi nililikuta. Nikakumbuka taa yangu, nikainama. Viluwiluwi! Ni pale pale ambapo kila juma ninawakusanya akina mama na kuwaambia walale ndani ya chandarua. Nilisoma kazi hii shuleni, ninajua namna mbu anavyozaliwa, na beseni langu lilikuwa limenishinda. Nawaambieni hayo ili asiwepo mtu wa kuona haya. Aibu si kukuta viluwiluwi. Aibu ni kuviona na kuviacha.

Namna ya kusafisha

Kazi yenyewe haipiti robo saa. Nimeifanya, nimepima kwa saa.

1. Mwaga maji yote. Yamwage juu ya udongo mkavu wenye jua, au chini ya maua. Usiyamwage katika mfereji wala karibu na robine, kwa maana utakuwa umewahamisha mbu tu. Usiyamwage juu ya mboga zinazoliwa mbichi, kwa sababu yana mavi ya ndege.

2. Lowesha kabla ya kukwangua. Mavi ya ndege yaliyokauka, hasa ya njiwa, yakikwanguliwa makavu yanatoa vumbi lenye vijidudu, na vumbi hilo linaweza kuingia kifuani. Ni hatari zaidi kwa mtu ambaye mwili wake umepungukiwa nguvu za kujilinda. Ninyi watu wa mgodi mnaijua sheria hii. Kwa nini tunatoboa mwamba kwa maji? Ili vumbi lisiruke, mapafu yasigeuke jiwe. Basi fanyeni nyumbani kama mnavyofanya kazini.

3. Sugua kwa burosi na sabuni. Sugua chini, sugua kuta, na zaidi sugua ukingo pale maji yanapofika. Wale mbu wenye madoa meupe hubandika mayai yao juu kidogo ya maji, kwenye ukuta wa chombo. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa. Mvua ikinyesha, maji yakipanda, yanaanguliwa. Kwa hiyo mtu anayemwaga tu bila kusugua bado ana mayai. Mbu huyo ndiye anayeleta homa ya manjano na chikungunya. Burosi hiyo iwe ya beseni tu, isirudi jikoni.

4. Mara moja kwa juma tia javeli. Kipimo 1 cha javeli katika vipimo 9 vya maji. Paka kila mahali, acha dakika 10. Vaa mipira ya mikono, simama penye upepo. Usichanganye kamwe javeli na asidi wala dawa nyingine ya kusafishia. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu inayochoma kifua. Wako watu wanaoleta nyumbani asidi kidogo katika chupa ili kuondoa kutu. Nawaomba sana, ndugu, waache. Asidi haina nafasi katika nyumba yenye watoto.

5. Suuza mara tatu au zaidi, mpaka harufu ya javeli iishe kabisa.

6. Acha likauke juani. Jua ni dawa isiyouzwa.

7. Tia maji mapya, yasipite kina cha vidole vitatu, yaani sentimeta 5. Ndege mdogo akikuta maji marefu anazama. Weka jiwe moja katikati ili asimame, na ili nyuki au kipepeo aliyeanguka aweze kutoka. Maji machache yanabadilishwa kwa urahisi, hayamchoshi mtu.

8. Nawa mikono kwa sabuni. Mavi ya ndege yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na mtoto mdogo anapatwa haraka.

Mtaniuliza: mara ngapi? Maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku. Ukishindwa, basi siku mbili zisipite. Kusugua kwa burosi iwe mara mbili kwa juma, kwa mfano Jumatano na Jumamosi. Javeli mara moja. Ukifuata hivyo, hakuna kiluwiluwi kitakachofikia siku ya kuruka. Ukisafiri, au ukiwa mgonjwa, pindua beseni, lilale kifudifudi. Ndege watatafuta kwa jirani. Beseni tupu si aibu.

Mambo ya kuacha

Yako mambo mengine niliyoyaona nikipita nyumba kwa nyumba. Nayasema bila kumtaja mtu.

Usifanye beseni kwa pipa lililotoka kiwandani. Pipa lililokuwa na dawa za kuogeshea madini, au asidi, au mafuta ya mashine, haliwi safi hata ukiliosha mara kumi. Sumu inakaa katika kutu na katika viungo vya bati. Leo ni la ndege, kesho ni la bata, kesho kutwa mama anaombwa chombo cha kutia maji ya kunywa, na analitwaa hilo. Hali kadhalika sanduku la betri ya gari, ambalo lina risasi na asidi. Simenti, udongo uliochomwa, sufuria ya zamani: vyombo hivyo vinatosha.

Usisuuze nguo za kazi ndani ya beseni. Nilimwona kijana akiloweka suruali ya mgodi humo kwa sababu robine ina mstari mrefu. Vumbi la madini linabaki ndani, ndege anakunywa, kuku anakunywa, na mtoto anachezea. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za watoto.

Usitie mafuta. Zamani watu walimwaga mazuti juu ya madimbwi ili kuua viluwiluwi, na kweli vinakufa kwa kukosa pumzi. Lakini ndege akioga katika mafuta manyoya yake yanashikamana, hawezi kuruka wala kujikinga na baridi. Tena mafuta hayo yanaingia katika udongo na visima. Kwa beseni dogo burosi inatosha.

Usitegemee shaba. Sisi ni watu wa shaba, na tunaipenda. Wako wanaotia kipande cha waya wa shaba au jiwe la kijani la malakite ndani ya maji ili ule utelezi wa rangi ya majani usiote. Ni kweli shaba inazuia utelezi huo. Lakini shaba ikizidi katika maji ni sumu, na hakuna anayepima kiasi nyumbani. Maji yakiwa na asidi kidogo yanakula shaba zaidi. Na ile chumvi ya buluu ya shaba msiiguse kabisa. Utelezi unaondoka kwa kusugua, na unakawia kurudi kama beseni liko kivulini.

Kuku na bata wawe na chombo chao. Ugonjwa wa Newcastle, ule unaomaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache, unaweza kupita kutoka ndege mmoja kwa mwingine kwa maji na mavi. Njiwa wa porini wakinywa pamoja na kuku wako, unafungua mlango. Inua beseni la ndege kama meta moja kutoka chini, ili kuku wasilifikie na paka asiwavizie ndege wanapooga. Lisiwe chini ya tawi ambapo njiwa wanalala, kwa maana litachafuka usiku mmoja. Na kuku wapewe chanjo; mwulizeni munganga wa wanyama.

Ukikuta ndege amekufa karibu na beseni, usimguse kwa mkono mtupu, wala watoto wasimchukue, wala asiliwe. Mchukue kwa koleo au kwa mfuko, mzike chini sana. Osha beseni kwa javeli, uliache kavu majuma mawili. Wakifa wengi kwa mara moja, leteni habari upesi kwetu au kwa munganga wa wanyama.

Kwa wanaotaka kuvunja

Sasa narudi kwa yule aliyesimama katika mkutano. Simdharau. Mtu anayeogopa malaria ana akili, kwa maana malaria inaua watoto wetu kila mwaka kuliko ajali nyingi tunazozisema katika ukurasa huu. Lakini namwuliza: ukivunja mabeseni yote, umevunja nini? Robine inavuja bado. Mashimo ya matofali yako nyuma ya kambi bado. Mfereji umeziba bado. Makopo na pine zilizotupwa zimejaa maji bado. Umemvunjia mzee furaha yake, na mbu anakushukuru kwa sababu hukumtazama yeye.

Kuvunja ni kazi ya dakika moja, tena inapigiwa mikono. Kusafisha ni kazi ya kila juma, na hakuna anayekusifu. Ndiyo maana watu wanapenda kuvunja. Mgodini tunajua vizuri: mashine isiyotiwa mafuta inaharibika, lakini hatuitupi. Tunamwuliza aliyeacha kuitia mafuta.

Tena nasema jambo la pili, hata kama halitawapendeza wote. Usafi wa lupango ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini robine ya watu wote na mifereji ya kambi si kazi ya mama mwenye ndoo. Habari ya robine ile tuliiandika kwa ofisi inayohusika mara mbili, na hakuna aliyekuja. Wakubwa wanaosoma ukurasa huu wajue: dawa ya malaria tunayompa mtoto mmoja, kitanda cha hospitali, na siku ambazo baba yake hakufika kazini, vinapita bei ya kifunga-maji kimoja cha robine. Tukiwaambia wafanyakazi wasafishe, nasi tutengeneze.

Tukingoja, hatukukaa bure. Siku moja ya salongo wanaume wa mtaa ule walichimba mfereji mdogo toka robine mpaka shimo la mawe, wakajaza changarawe mahali pa dimbwi. Sasa maji yanazama, hayalali. Kazi ilichukua asubuhi moja.

Na ninyi watoto wa shule, ninawapa kazi. Jumamosi chukueni kikombe cheupe, mtazame kila chombo chenye maji katika lupango yenu. Mkikuta kinachocheza, mwambieni mama, mmwage pamoja. Na usiku laleni ndani ya chandarua, kwa maana hakuna anayeweza kumwaga maji yote ya nchi. Mtoto akiwa na homa, msingoje kesho, wala msitafute kwanza nani alimtazama vibaya. Leteni mtoto. Tone moja la damu litatuambia.

Kambo hakuvunja beseni lake. Nyundo alimrudishia mwenye nayo. Nilipita Jumatano iliyopita nikamkuta ameinama na burosi, povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko, na yule mtoto wa miaka minne amesimama karibu akishika kopo la maji ya kusuuzia. Nilimwuliza kama bundi bado anakuja. Alicheka. «Anakuja, munganga. Naye anapenda maji safi.»

Ndugu zangu, mwaga, sugua, kausha, ndipo utie. Kuongeza si kubadili.